“Hakuna panya aliyekufa” haitoshi: lawama juu ya memwari zetu za dawa za majani



Leo sikuji na sifa. Nakuja na lawama, na ya kwanza naitupa kwangu mwenyewe.

Siku moja mama mukubwa, dada ya mama yangu, alifika nyumbani akitoka soko ya Kadutu. Ana miaka 60 na kitu, magoti yanamsumbua, na kila asubuhi anameza kidonge cha tansio. Alifungua kitambaa, akatoa chupa ya plastiki iliyojaa maji ya rangi ya kahawia. Juu yake walibandika karatasi: dawa ya magoti na mgongo, ya asili, bila madhara, imepimwa iniversite.

“Mwana wangu, wewe njo ulisomaka mambo ya majani. Niko na miezi ine nakunywa hii. Niendelee ao niache?”

Nilitafuta jina la mmea kwenye karatasi, halikuwako. Nikamuuliza kama muuzaji alimwambia ni majani gani. “Alisema ni ile ya maua ya manjano, ya kando ya barabara.”

Hapo nilinyamaza, juu ule mmea ninaujua vizuri. Wenyeji wa Kivu wote wanaujua: maua kama alizeti ndogo, majani machungu, unaota kwenye mipaka ya mashamba na pembeni ya njia. Jina lake la kitaalamu ni Tithonia diversifolia. Ulitoka Meksiko na Amerika ya Kati, ukaenea Afrika yote ya joto. Na ndio mmea nilioandikia TFC yangu. Hitimisho langu lilikuwa na sentensi mbili: “Mmea huu una uwezo wa kupunguza uvimbe” na “Mmea huu hauna sumu”. Juri walinipa distinksio, watu wakapiga makofi, tukakunywa Fanta. Lakini mbele ya mama mukubwa na chupa yake sikuwa na jibu hata moja.

Usiku ule nilichukua TFC yangu nikaisoma upya, kama mtu asiyenijua. Kisha nikasoma za wenzangu wa promosio yangu na za wale waliotufuata. Ni kama tumeandika kitabu kimoja na kubadilisha jina la mmea tu. Sina ugomvi na majani, wala na waganga waliotufundisha. Ugomvi wangu ni na zile sentensi mbili, na namna tunavyozizaa.

Tuanze na ya kwanza, “una uwezo wa kupunguza uvimbe”.

Wengi wetu hatuna panya wala pesa ya kuwalisha, basi tunachukua ute wa yai. Tunauchanganya na dawa yetu, tunaupasha moto, tunatazama kama utaganda ao hapana. Wazo ni kwamba protini zikiharibika mwilini zinaweza kuamsha uvimbe, kwa hiyo kinachozuia protini kuharibika kingezuia uvimbe. Ni kipimo cha bei ndogo na cha haraka. Lakini majani mengi yana tanini, ile kitu inayokausha ulimi ukinywa chai kali, na tanini inashikamana na protini yoyote inayoikuta. Tena ile rangi ya kahawia ya dawa yenyewe inaweza kudanganya mashine ya kupima mwanga. Na hata kama kipimo kimetoka safi, kioo cha labo hakina tumbo, hakina maini, hakina damu. Kitu kinaweza kulinda ute wa yai na kisifike hata siku moja kwenye goti.

Wenye bahati wanatumia panya. Kipimo chenyewe kinajulikana tangu 1962: Winter na wenzake walidunga karajenani, kitu kinachotoka kwenye mwani wa baharini, ndani ya unyayo wa panya. Unyayo unavimba kwa saa chache, unapima ukubwa wake, unalinganisha panya aliyepewa majani na aliyepewa diklofenaki ao indometasini. Ni kipimo kizuri, kimesaidia kutafuta dawa nyingi. Lakini kinajibu swali moja tu: je, kitu hiki kinazuia uvimbe wa ghafula, kwa saa chache, kwa panya kijana mwenye afya? Goti la mama mukubwa halikuvimba leo asubuhi. Limeumia miaka. Kwa uvimbe wa muda mrefu kuna vipimo vingine vinavyochukua wiki nyingi, na ni wachache kati yetu wanaovifanya.

Kuna mtego mwingine. Ukimdunga panya dawa ya majani tumboni, na dawa hiyo inaunguza, mwili wake unashughulika na tumbo, na unyayo unavimba kidogo tu. Wewe unaandika “imepunguza uvimbe”, kumbe umefungua jeraha la pili. Mama mukubwa hadungwi tumboni, anakunywa. Basi panya naye anyweshwe.

Sasa tuje kwenye dozi. Hapa niliona haya kweli.

Nilipima dondoo ya metanoli. Dondoo ni kusema ile poda inayobaki nyuma ya kulowesha majani na kukausha kimiminiko chake. Nani hapa Bukavu anachemsha majani yake ndani ya metanoli? Wamama wanatumia maji, na maji hayatoi vitu vile vile. Maana yake nilipima dawa moja, na watu wanakunywa nyingine yenye jina moja.

Halafu dozi yenyewe: panya wangu walipata miligramu 400 kwa kila kilo ya mwili. Mwaka 2005 FDA, shirika la Marekani la chakula na dawa, lilitoa mwongozo wa kukadiria dozi ya mtu kutokana na ya mnyama. Kwa panya huyu mkubwa wa labo, unagawanya na 6.2. Tufanye hesabu pamoja: 400 gawanya na 6.2 ni karibu 64.5. Kwa mtu wa kilo 60 ni karibu gramu 3.9 za dondoo kavu. Tuseme gramu 100 za majani makavu zinatoa gramu 10 za dondoo. Basi mtu huyu anahitaji gramu 39 za majani makavu kwa dozi moja tu, kama yangekuwa yanatoa kila kitu. Hesabu hii ni ya kukadiria, si ya kuandikia mgonjwa. Lakini inachukua dakika mbili, inaonyesha kama dozi yetu inafanana na kikombe cha mtu, na katika TFC yangu haimo. Sikuifanya, na juri hawakuniuliza.

Sentensi ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi: “hauna sumu”.

Niliifikia hivi. Nilifuata mwongozo namba 423 wa OECD, ule tunaonakili sote. Unachukua panya watatu watatu, unawapa dozi moja, mara moja, mpaka miligramu 2000 kwa kilo. Unawatazama siku 14. Panya wangu walikula, walikunywa, walikimbia. Hakuna panya aliyekufa. Nikaandika: hauna sumu.

Mwongozo haukuniruhusu kusema vile. Kazi yake ni kukadiria sumu ya ghafula, ile ya mtu aliyemeza kingi kwa mara moja, na kuiweka kitu kwenye kundi la hatari. Hausemi lolote juu ya kikombe kimoja kila asubuhi kwa miezi mine. Kwa swali hilo kuna miongozo mingine ya OECD, namba 407 ya siku 28 na namba 408 ya siku 90, ambako unapima damu, kisha unafungua mnyama na kutazama maini na mafigo kwa darubini. Nilikuwa na jibu la swali moja, nikalibandika juu ya swali lingine.

Mtasema: hizi ni kelele za kitabuni, majani hayaui. Basi tukumbuke Brussels, mji ambao Wakongo wengi wana ndugu kule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walitumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina. Mmoja wa mimea hiyo ulipaswa kuwa Stephania tetrandra. Kwa sababu majina ya Kichina yanakaribiana, mahali pake palitumiwa Aristolochia fangchi. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walitoa taarifa ya kwanza: wanawake vijana walikuwa wanapoteza mafigo. Mwishowe wagonjwa walipita 100. Mwaka 2000 ikaandikwa kwamba baadhi yao walipata pia saratani ya njia za mkojo. Wengi waliimeza kwa miezi mingi bila kuona kitu. Sumu ya namna hii inatembea polepole, na siku 14 za kutazama panya akikimbia hazingetosha kuishika.

Na mmea wangu mwenyewe? Hapa ndipo nilipoketi chini. Ni kweli kwamba Tithonia ina vitu vinavyozima uvimbe. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 inajulikana kwamba laktoni zake, vile vitu vichungu vya kwenye majani, zinazuia NF-kB, ambayo ni kama swichi inayowasha uvimbe ndani ya chembe za mwili. Watafiti wa Nijeria na wa Brazil walionyesha kwa panya kwamba uvimbe unapungua. Hizo zote nilizitaja katika TFC yangu. Lakini mwaka 2013 Wabrazil walitoa kazi nyingine: waliwapa panya dondoo za majani haya kwa siku 90, wakakuta maini na mafigo yanaharibika kadiri dozi inavyopanda. Walipotafuta mkosaji, walikuta laktoni zile zile, pamoja na asidi za klorojeniki, ambazo nazo zilikuwa zimesifiwa kwa kupunguza uvimbe. Wakashauri majani haya yasinywewe kwa muda mrefu.

Mnaona jambo lenyewe? Kinachotuliza na kinachoumiza vinaweza kuwa kitu kimoja. Katika TFC zetu, sura ya “uwezo” na sura ya “usalama” ni kama nyumba mbili zisizosalimiana. Kumbe ni za familia moja.

Tungepaswa kulijua, maana historia ya dawa za uvimbe ndiyo hiyo. Gome la mti wa willow liliwatibu watu wa Ulaya homa na maumivu. Kutoka kwenye njia hiyo ikaja asidi ya salisiliki, iliyotuliza lakini ikachoma tumbo. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa Bayer akatengeneza umbo lake safi tunaloliita aspirini, na mwaka 1971 John Vane akaonyesha kwamba aspirini inazuia prostaglandini. Prostaglandini zinaleta maumivu, lakini ndizo pia zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye mafigo. Ndiyo maana diklofenaki inaweza kutoboa tumbo, kuchosha mafigo na kupandisha tansio. Basi tukiandika kwa kiburi kwamba majani yetu “yanafanya kazi kama diklofenaki”, sentensi inayofuata ingepaswa kuwa: “tunaogopa yanaweza kukosea kama diklofenaki, hasa kwa mzee wa tansio.” Nimeitafuta sentensi hiyo katika kazi zetu. Haimo.

Sasa najua mambo mtakayonijibu, juu nilishayasikia.

La kwanza: “Wazee wetu walitumia haya majani tangu zamani, na hawakufa.” Nawaheshimu wazee kuliko memwari yoyote. Lakini jicho la kijiji linaona vizuri sumu ya haraka: mtu akikunywa asubuhi na kuanguka jioni, kesho hakuna atakayeuchuma mmea ule. Mafigo yanayokwisha kwa mwaka mzima hayasemi nani aliyeyaua. Tena mganga wa kweli anajua kipimo, anajua siku ngapi, anajua nani asipewe, sana sana mwenye mimba. Chupa ya soko haina mganga ndani yake. Na sisi, tulipoenda kumuuliza mganga, tuliandika jina la mmea tu. Hatukuandika majani mangapi, maji kiasi gani, siku ngapi, nani anakatazwa. Tulichukua mmea tukaacha elimu yake.

La pili: “Hatuna vifaa.” Ni kweli, na siwezi kumdai mwanafunzi anayesoma kwa mshumaa afanye siku 90 za panya. Lakini ukweli wa sentensi hauna bei. “Hakuna panya aliyekufa ndani ya siku 14 nyuma ya dozi moja” inaandikwa kwa wino ule ule kama “hauna sumu”. Kutumia maji mahali pa metanoli ni rahisi zaidi. Kukausha tawi moja na kulipeleka Lwiro, kwenye kituo kilichoanzishwa wakati wa IRSAC mwaka 1947 na chenye mkusanyo wa mimea mikavu, ni safari ya nusu siku. Ukikosea jina, mwingine atakusahihisha. Wale wa Brussels walikosa usahihisho huo. Na kama huna pesa ya panya, nenda kwa wanaokunywa dawa tayari. Kwa ruhusa yao na ya kamati ya maadili, andika wanakunywa nini, kiasi gani, pamoja na vidonge gani, na uwapime kreatinini. Hiyo nayo ni memwari, na pengine ingefaa kuliko unyayo wa panya.

La tatu, na ndilo zito: “Munataka kuua dawa ya Mwafrika ili munyenyekee ya mzungu.” Hapana. Tazama kucha ya shetani, Harpagophytum, mzizi wa jangwa la Kalahari unaochimbwa sana Namibia. Leo unauzwa Ulaya kwa maumivu ya viungo, na maelekezo yake rasmi yanasema dozi, yanawakataza wenye vidonda vya tumbo, na kwa viungo yanataka usipite wiki 4. Hakuna aliyeona hayo kama matusi kwa mzizi. Kuupima mmea kwa ukali ni kuuchukua kama dawa. Kuuachilia na sifa tu ni kuuchukua kama hirizi.

Kuna hatari moja pia tusiyoitaja. Dawa “ya asili” ikituliza goti ndani ya nusu saa, uliza kama kuna kitu kingine ndani. Mwaka 2022 FDA iliwaonya watu juu ya Artri King, bidhaa iliyouzwa kama nyongeza ya asili ya viungo: vipimo vilikuta ndani yake diklofenaki na deksametazoni, ambazo hazikuandikwa popote. Hapa kwetu deksametazoni inanunuliwa kama karanga. Nani anajua kilichosagwa ndani ya chupa ya kahawia? Labo zetu zenye uwezo wa kuitafuta zingeanza hapo, mbele ya kupima mmea wa 50.

Nirudi kwa mama mukubwa. Nilimwambia aache kwanza, tuende kupima damu. Kreatinini ilikuwa imepita mstari, si sana. Daktari akamuuliza anakunywa dawa gani. Akajibu: “Ni ile ya tansio tu, papa daktari.” Nilimkanyaga mguu kidogo, akataja chupa. Daktari akanitazama: ni mmea gani, kiasi gani, ndani yake kuna nini? Mimi mwenye distinksio ya mmea ule nilijibu: “Sijui.”

Mpaka leo siwezi kusema ni majani yaliyomgusa mafigo. Inaweza kuwa tansio, inaweza kuwa umri, inaweza kuwa kitu kilichofichwa. Na siwezi kusema si majani. Memwari yangu ingepaswa kusimama mahali pale pa kutojua na kusaidia kidogo, lakini ilikuwa imelala kwenye kabati. Wala sijui kama mwenye chupa aliipata wapi ile “imepimwa iniversite”. Ninachojua ni kwamba mtu akisoma hitimisho langu, ana haki ya kuiandika. Nilimpa kalamu mimi mwenyewe.

Kwa hiyo nimeandika upya ukurasa wa mwisho. Juri hawatausoma, ninyi muusome:

“Dondoo ya metanoli ya majani haya ilipunguza uvimbe wa ghafula kwa panya. Watu hawanywi dondoo hii. Wanakunywa majani yaliyochemshwa, ambayo sikuyapima. Hakuna panya aliyekufa ndani ya siku 14 nyuma ya dozi moja. Matumizi ya muda mrefu sikuyapima, na watafiti wengine waliyapima wakakuta madhara kwenye maini na mafigo. Mwenye tansio, mwenye mafigo dhaifu, mwenye mimba, asitegemee kazi hii kusema iko salama.”

Si hitimisho la kupigiwa makofi. Lakini siku nyingine mama mukubwa akileta chupa, nitaweza kumsomea bila kutazama chini.

Wewe unayefanya defanse mwaka huu, na wewe asistan unayeongoza kazi hizi: kabla ya kutia sahihi chini ya “hauna sumu”, mfikirie mtu mmoja wa nyumbani kwako anayekunywa kile kikombe kila asubuhi. Umsomee sentensi yako. Ukiona aibu, ifute.